Trilobaiti Wasio na Macho

Harufu ya maganda makavu ya ndengu hunirudisha Siakago, mwishoni mwa miaka ya sabini, msimu ambao mdogo wangu Wawira alitimiza mwaka mzima bila kuona. Surua ilikuwa imemharibu macho. Baba alimpenda mno, na kwa sababu hiyo hakumruhusu kutoka nje ya ua. Mchana kutwa aliketi kivulini akichambua ndengu, vidole vyake vikinasa vijiwe ambavyo sisi wenye macho tungevitafuna.

Siku ya wazazi shuleni kwangu, Mama alishikilia kwamba Wawira aje nasi. Mwalimu Nyaga, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, aliweka mezani bamba la jiwe lenye trilobaiti, viumbe wa bahari waliotoweka zamani sana, wadogo kama mbegu za boga. Watu walitupa jicho na kupita. Wawira aliomba ashike. Alipapasa polepole, kutoka mmoja hadi mwingine.

"Mwalimu, wako kwenye mstari. Mwiba wa huyu umemgusa mwenzake."

"Ndiyo. Walikuwa safarini chini ya bahari, tope likawafunika pamoja. Na hawa hawakuwa na macho."

"Kabisa? Basi waliijuaje njia?"

"Hapo tunakisia tu," Mwalimu alisema. "Nadhani waliongozana kwa kugusana."

Baba alikuwa nyuma yetu. Nilidhani atatuita twende nyumbani. Badala yake alivua kofia, akamuuliza Mwalimu kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kuna shule ya watoto wasioona.

Januari alimpeleka Wawira mwenyewe kwenye shule hiyo, na jioni aliporudi hakugusa chakula. Lakini likizo ya Aprili Wawira alimsomea Zaburi kwa vidole, na Baba, ambaye hakujua kusoma, alimwomba arudie.

Siku hizi Wawira ni mwalimu wa watoto wasioona mjini Meru, karibu na uwanja wa Kinoru. Nami nimesoma kwamba wanasayansi wanakubaliana na Mwalimu Nyaga: huenda viumbe wale walifuatana kwa kugusana, labda wakikimbia dhoruba au wakienda kuzaliana. Zamani mtoto kama Wawira alifichwa nyumbani. Juzi nilimkuta mama mmoja kutoka Kanyakine amemletea binti yake asiyeona, akianza kueleza kwa wasiwasi yote ambayo mtoto hawezi. Wawira alimsikiliza kidogo, kisha akamgeukia mtoto.

"Na wewe," akamuuliza, "ungependa kusoma nini?"