Kisomo cha Nyanya Mbele ya Mapanga

Nilipokuwa mtoto pale Shika Adabu, Likoni, nyanya alitulea kwa mapenzi na kwa mumiani. Mumiani, alituambia, ni mtu kama watu wengine, ila hukamata watoto akawanyonya damu ikauzwe kuwa dawa. Ukichelewa dukani, mumiani. Ukikataa kulala mchana, mumiani. Nilimsadiki kwa moyo wote, na mtaa mzima ulisadiki, watu wazima na ndevu zao.

Mwaka ule wa kuelekea uhuru, mjomba Salimu, mwana wa pekee wa kiume wa nyanya, alipata kazi ya dresa katika zahanati, kufunga vidonda na kudunga sindano. Alasiri moja Kibibi, binti wa jirani yetu Bakari, akapotea. Walimtafuta kisimani, wakamtafuta ufuoni. Kisha mtu akakumbuka kwamba Salimu ana sindano.

Walimkuta njiani akirudi kutoka kazini. Walimpokonya mkoba wakaumwaga, sindano ikaanguka mchangani, na hapo hakuna aliyetaka kusikia neno tena. Nilikuwa barazani nikisikia mawe yakimpata, sauti ambayo sijaweza kuisahau. Alikuja mbio hadi kwetu, sikio limechanika, shati limelowa damu, akaanguka kizingitini, miguuni pa nyanya. Bakari akamfikia na kumshindilia rungu mgongoni na mkononi. Bakari huyu huyu alikuwa amekula pilau kwetu Idi iliyopita! Nyuma yake mapanga yalikuwa yameshainuliwa.

"Ondoka, mama, tummalize!" alifoka. "Kanilia mwanangu!"

Nilidhani nyanya atapiga mayowe, maana mimi nilikuwa nimeshajikojolea. Badala yake aliketi chini, akakipakata kichwa cha mjomba, akawapa mgongo wote wale, akafumba macho. Midomo yake ikaanza kucheza sikioni mwa mjomba, bila sauti ya kusikika. Panga moja likapiga mlango juu ya kichwa chake, vibanzi vikamwangukia begani. Hakufumbua macho.

"Halbadiri!" mtu mmoja akamaka. "Wallahi, mama huyu atusomea halbadiri!"

Kwetu halbadiri ni kisomo cha kumwapiza mbaya wako, na husemwa kwamba anayesomewa huvimba tumbo akafa. Wale waliokuwa tayari kuua wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kisha wakatimua mbio, marungu wakayaacha pale pale. Bakari alibaki peke yake, akaketi mchangani akalia. Kibibi alionekana kabla ya magharibi, Mtongwe kwa shangazi yake, anakula mihogo.

Mjomba alipona, ila mkono wake wa kulia haukunyooka tena.

Nilipokuwa mtu mzima, nilimuuliza nyanya, "Halbadiri ulisomea wapi?"

"Halbadiri siijui mie, mwanangu. N'lisoma Yasini, ile asomewayo mtu akikata roho. N'lijua Salimu yuwafa. Sikutaka afe akisikia matusi yao tu."

Hofu iliwaleta wale watu na hofu ikawafukuza, na hadi leo nina hasira nao. Lakini nyanya hakuwa akimwombea hata aokoke. Alikuwa ameshamkabidhi mwanawe kwa Mungu, na alichokuwa akifanya pale kizingitini ni kumsindikiza.

Nilipomuuguza mume wangu nilijaribu kuketi hivyo. Siku nyingi nilishindwa, nikawa nakimbilia dirishani kutazama kama daktari anakuja. Ile siku ya mwisho niliweza.