Pa Mokami Hapajachorwa

Bibi yangu aliuchora mto mzima ukutani! Ule unaopita Mugumu mjini, kona zake zote. Kimebaki kipande kimoja tu, na hicho kipande ndiyo stori yenyewe.

Mwaka sabini na nne bibi, anaitwa Bernadetha, alikuwa binti tu na mtoto mgongoni. Wakaambiwa wahame mtoni, waende vijiji vya ujamaa. Lori lake likaelekea Nyambureti. Rafiki yake Mokami, jirani wa ng'ambo, waliyekuwa wanafua naye kwenye mawe mawili, akapandishwa lori lingine. Linaenda wapi, bibi hakuambiwa.

Kule wakajenga duka la kijiji, la udongo. Akina mama walikuwa wanaukumbuka sana mto, basi wakauchora ukutani kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi ya sufuria, brashi ni unyoya wa kuku. Walikubaliana kila mtu achore kwake, pale alipokuwa anachota maji. Kwa mwenzako hugusi. Bibi akachora kwake, akaacha nafasi, Esta, aliyekuwa anachota chini zaidi, akaendelea mbele.

Mwenyekiti, mzee Nikodemo, akaja kukagua.

"Bernadetha, mbona mto umekatika?"

"Hapo ni kwa Mokami, mzee."

"Mokami hayupo. Chora wewe."

"Hata ungo wake sijawahi kuchukua bila kumwambia, sasa nikamchoree kwake?"

"Kesho wanakuja wageni wa wilaya. Wataona mto una tundu."

Esta akadakia, "Watazoea, mzee. Kaptura yako si tumeizoea?"

Mzee akanuna, akachukua unyoya, akapitisha mwenyewe mstari umenyooka kama barabara. Bibi akasubiri aondoke, akasiriba udongo juu yake. Wageni walipofika, mzee akakuta tundu liko palepale. Ikabidi aegemee hapo hotuba zote ili kulificha, akarudi kwake mgongo mwekundu kwa udongo mbichi.

Bibi aliamini Mokami atasikia habari za ule ukuta, atakuja. Kila lori likisimama dukani, anatoka kuchungulia. Baadaye mvua ikabomoa duka, akauhamishia mto kwenye ukuta wa jiko lake. Mpaka leo kila baada ya mavuno anasiriba, anachora upya, na nafasi ya Mokami anaiacha.

Juzi nilikuwa Mugumu nikaupiga picha huo mto. Vijana wanaosha pikipiki, chupa za plastiki kibao. Nikamwonyesha bibi kwenye simu, akaikuza kwa vidole.

"Mawe yapo," akasema. "Hilo lililoinama ndiyo la kwake."

"Bibi, lete unyoya nimalizie basi."

Akanichapa mkono. "Unapajua wewe?"

Kwa hiyo kama kwenu kuna bibi anaitwa Mokami, aliyekaa mtoni Mugumu penye mawe mawili, mwambie pake bado papo. Naomba umtumie na mwenzako.