Karatasi za Salio

Siku dada yangu aliponinyooshea kopo lake la biskuti na kuniambia nimtilie pesa zake benki, ilinipasa nikatae. Ningemwambia kweli tu, kwamba mambo ya benki siyajui. Pensheni yangu iliingia yenyewe, nami nikiitoa mara moja kwa mwezi, basi. Lakini katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesoma skuli mpaka sekondari, na yeye hajui kusoma. Nikalipokea kopo.

Dada alikuwa akiuza vileja na kachori katika soko la wanawake hapa Ibra, Omani, siku za Jumatano. Sisi wanaume hatuingii. Nilimsubiri garini, kioo nimekiteremsha. Akiba ile ilikuwa ya tikiti ya kwenda Unguja kumuona mdogo wetu, aliyebaki kule sisi tulipokuja huku, na ambaye figo zilikuwa zimeanza kumsumbua.

"Ukishazitia huko, mimi nitajuaje kama bado zipo?" aliniuliza.

"Mashine inatoa karatasi."

"Basi niletee karatasi. Maneno yako nayajua tangu utotoni."

Benki, kijana wa dirishani alinieleza masharti kwa Kiarabu cha haraka: salio lisishuke chini ya kiasi fulani, kadi wapi ni bure na wapi hulipiwa. Nikasema zein, zein, sawa sawa, na nikatia saini kila aliponionesha. Nyuma yangu palikuwa na watu, nikaona haya kuuliza.

Kila Jumatano, soko likisha, tulipita kituo cha mafuta karibu na kwake. Pale pana mashine ya benki nyengine. Nilitia kadi, nikabonyeza salio, karatasi ikatoka, nikampa bila kuisoma. Alichopata sokoni nilimtilia benki kila mwezi, hesabu nikiiweka kichwani. Jumapili nikipita peke yangu nilimchukulia nyengine. Hakuweza kuzisoma, lakini alizihesabu, akazikunja mara mbili na kuzitia katika lile kopo.

"Dada, hilo kopo litapasuka," nilimtania.

"Liache lipasuke. Karatasi hakuna anayeiba."

Ujumbe wa benki ulikuwa ukija katika simu yangu mara kwa mara. Nilidhani matangazo, nikawa naufuta.

Ilipita miaka miwili hivi. Siku moja tukapigiwa simu kwamba mdogo wetu kalazwa, na afadhali dada aje. Nikaenda benki kutoa pesa zote, maana kwa hesabu yangu tikiti ilikuwa imeshatimia. Zilipungua riali thelathini na mbili na ushei.

Safari hii dirishani alikuwa msichana. Alipousikia Uswahili katika Kiarabu changu aliniamkia, "Shikamoo, babu. Hata bibi yangu ni wa Unguja." Akanichapishia orodha ndefu, akaigeuza upande wangu, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, yote ni baisa, zile ambazo elfu moja ndiyo riali.

"Hizi baisa mia, mia, mia, ni za kuuliza salio kwenye mashine ya benki nyengine. Ukiuliza ni muamala, babu, unakatwa."

"Lakini sikuchukua kitu. Niliangalia tu."

"Hata kuangalia. Ungeangalia kwenye mashine yetu, au kwenye simu, bure. Na hizi mia tano za kila mwezi ni kwa sababu salio halikufika kiwango."

"Mbona hamkunambia?"

"Ujumbe hukuupata?"

Nikaukumbuka ule niliokuwa nikiufuta. Nilikuwa nikidhani muamala ni pale pesa inapotoka mkono huu ikaingia mkono ule. Kutazama tu kama amana ya mtu ipo, sikujua kuwa nako kuna bei. Hakuna aliyeniibia; yote yalikuwa yameandikwa katika zile karatasi nilizotia saini.

Riali thelathini ningezipata kwa mwanangu aliyeko Nizwa kwa simu moja. Lakini angeniuliza za nini. Pensheni yangu ilibaki siku kumi kuingia, nikaona nitaziba pengo kimya kimya na hakuna atakayejua. Nikampitia dada nyumbani.

"Tikiti zimepanda wiki hii," nilimwambia. "Tungoje mwisho wa mwezi zitashuka."

"Haya. Wewe ndiye msomi," alisema, akaendelea kukunja nguo zake za safari.

Pensheni iliingia, pengo likazibwa, tikiti nikakata. Siku mbili kabla ya safari ikaja simu nyengine kutoka Unguja. Walikuwa wakitoka kuzika.

Baada ya hitima nilimweleza dada kila kitu. Alilifungua kopo, akazitazama zile karatasi.

"Kumbe hizi ndizo zilizokula pesa?"

"Hizo zilikula kidogo kidogo, dada. Uongo wa tikiti ni wangu."

Aliizungusha bangili yake ya dhahabu mkononi. "Ungenambia," alisema, "ningeuza hii. Siku ile ile."

Hakunigombeza, na bado huniletea kachori. Kopo yuko nalo mwenyewe, na pesa zake zimo humo. Benki ilichukua riali thelathini na mbili, na hizo nilizirudisha. Kwa sababu ya kuona haya kwangu, dada yangu hakumkuta mdogo wetu hai.