Kidole Nilichokikunja

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya kahawa huko Rugera, mwanangu, mwaka ule tuliovuka mto kutoka Rwanda na nguo za mwilini tu. Baba nilimwacha nyuma, ameuawa, hajazikwa. Bibi Koku, mama mzee wa Kinyambo, mwenyeji wa huko, alinipokea kwake nikawa namchumia kahawa. Hakuniuliza neno. Wengine huuliza wapate la kusimulia. Yeye alinipa ndizi na mahali pa kulala.

Siku hiyo mwanamume mgeni aliingia uani kutafuta kibarua. Kwa matamshi yake tulijua naye ametoka ng'ambo ya mto. Hata hajaketi, vijana wa kwetu, wakimbizi kama mimi, wakamfuata na mapanga ya kukatia migomba. Wakaniita.

"Dada, huyu si miongoni mwa wale waliokuja kwenu kumuua baba? Sema tu ndiye."

Sikumjua. Lakini nikufiche nini, mwanangu? Moyo ulitaka kusema ndiye. Nilitaka mtu, yeyote yule, alipie kifo cha baba. Mkono ulishaanza kuinuka, kidole kimenyooka.

Bibi Koku akatoka na kikapu chake cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake kisha ikaanikwa. Huku kwa Wanyambo mgeni hupewa hiyo kabla ya kuulizwa shida yake, na akishaitafuna ni mtu wa nyumba ile; ukimgusa umemgusa mwenye nyumba. Akampa yule mtu. Akanipa na mimi. Vijana wakasita, maana desturi hiyo walishaijua.

"Baba yako alikufaje?" akaniuliza. Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza.

"Jirani alimnyooshea kidole, Bibi, wakamuua."

"Basi cha kwako kikunje."

Nikakikunja. Nikasema, "Simjui." Kisha nikaanguka palepale kwenye mkeka wa kahawa, nikamlilia baba, mimi niliyekuwa sijatoa chozi tangu nimwache. Vijana waliteremsha mapanga wakaondoka. Yule mtu naye alilia, na aliowalilia sikupata kuwajua.

Tangu hapo, kila niliposikia nyumba ina ugomvi, ya mkimbizi au ya mwenyeji, nilikwenda na kikapu. Tulitafuna kwanza, tukalia, ndipo tukasema. Wengine niliwakuta wamekwisha kuuana, nikabaki kukaa matangani. Maji yakimwagika hayazoleki. Wala usidhani mimi nimepona: baba hana kaburi hadi leo, na yule jirani sijaweza kumsamehe.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikujia na hasira wakitaka uwatajie mtu, keti kwanza. Mlilie uliyempoteza. Usimshuhudie mtu kwa usilolijua, hata kwa ajili ya maiti wako mpenzi, kwani damu ya mwingine haitamrudisha.

Mungu akupe machozi kwa wakati wake. Mkono wako uinuke kumpokea mgeni tu. Uishi uzeeke, nao wanao wakuzike mahali wanapopajua.