Tangi Nusu kwenye Mteremko wa Daraja Mbili

Katika miaka ya tisini shahada yangu ya hisabati ilikuwa imenipatia kazi moja tu: kuendesha kanta, lori dogo la kusambaza sukari na sabuni madukani. Kanta ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la jumla mjini Kisii, mzee ambaye tangu asikie nimepitia chuo kikuu hakuniita tena kwa jina langu.

"Profesa," aliniambia asubuhi moja, "nimenunua lori la tangi. Litabeba maziwa kutoka Nyansiongo. Unaliweza?"

Nilisema naliweza. Mtu aliyesoma huona haya kusema hawezi jambo. Lakini leseni yangu ilikuwa ya malori ya kawaida, na ili niguse tangi ilibidi nitahiniwe upya na kuongezewa kibali. Kanta ilikwisha kupata mnunuzi. Nikianguka mtihani, ningerudi nyumbani Birongo kuchuma chai ya mama. Na mama naye alikuwa ameliombea jambo hilo kanisani siku ya Sabato, kwa sauti, kwa hiyo kuanguka kwangu kungekuwa aibu ya waumini wote.

Kilichoninyima usingizi ni neno nusu. Tangi likijaa, ni mzigo kama mzigo mwingine. Likiwa tupu, ni bati. Likiwa nusu, kuna kitu kinatembea ndani. Unakanyaga breki, lori linasimama, lakini maji hayana habari kwamba mmesimama. Yanakimbilia mbele, yanapiga ukuta wa tangi, na lori linasukumwa tena. Tangi la maziwa halina hata kuta za kati za kuyapunguza nguvu, maana lazima lioshwe likatakate. Haya yote niliyajua. Ningeweza kukuchorea wimbi hilo ubaoni na kukuandikia mlinganyo wake. Miguu yangu ndiyo haikuwahi kwenda chuo kikuu.

Mtahini alikuwa afisa wa polisi, mtu wa Pwani, mwenye Kiswahili laini kilichofanya changu kisikike kama mawe ndani ya debe. Alisimama kando ya bomba tukijaza tangi maji ya mtihani.

"Basi," alisema. "Nusu yatosha."

Nikafunga bomba.

Tulipanda kilima. Juu akaniambia nigeuze, niteremke kuelekea soko la Daraja Mbili, na nisimame kabla ya nguzo ya umeme iliyo pembeni ya barabara. Ilikuwa siku ya soko. Kina mama walikuwa wamepanga mikungu ya ndizi hadi kwenye ukingo wa lami, mbele kidogo tu ya nguzo.

Nilishusha gia mapema. Nilikanyaga breki polepole. Lori likasimama kabla ya nguzo, nami nikapumua. Hapo ndipo maji yalipofika. Kishindo kilitoka mgongoni mwangu, lori likaipita nguzo, ndizi zikaanza kuja kwenye kioo.

"Oo baba!" nililia. "Baba!"

"Naam, mwanangu," akajibu mtahini, kwa upole ambao sikuutarajia. "Usiishikilie. Legeza kidogo... sasa kanyaga tena. Ngoja yarudi. Haya."

Tukasimama. Mwenye ndizi alikuja akapiga bampa kwa kiganja.

"We dereva! Ndizi hununuliwa kwa mkono, si kwa bampa!"

Mtahini alikuwa akitabasamu. "Wote huniita afande," alisema. "Wewe umeniita baba. Nyumbani kwangu vijana hawaniiti hivyo mpaka watake kitu."

Nilihitaji tu kunyamaza. Ng'ombe angenyamaza. Lakini nina ule ugonjwa wa wasomi wa kusahihisha watu.

"Samahani, afande. Kwetu Wakisii, baba ni mama. Baba mwenyewe tunamwita tata."

Tabasamu likaenda zake. "Kwa hiyo ulikuwa unamlilia mama yako."

"Ndiyo, afande."

"Na mimi nimekusaidia kwenye mtihani kwa kudhani nimepata mtoto." Akatazama mbele. "Rudi juu. Safari hii uteremke bila mzazi yeyote."

Nilipanda tena nikiwa na jasho hadi kwenye soksi. Nilipotokea tena, nilimsikia mama wa ndizi akipaza sauti: "Ni yule yule! Sogezeni ndizi!" Walisogeza, kisha wakapanga mstari kutazama, na watazamaji wakanitisha kuliko ndizi.

Nilikanyaga, nikalegeza, nikakanyaga. Nguzo ilikuja. Nilisimama mbali nayo kuliko nilivyotaka, nikalegeza mguu, nikasubiri. Maji yakapiga. Lori likanesa, likasogea, likatulia kabla ya kuifikia nguzo. Yakarudi nyuma, yakaja tena, kila mara kwa nguvu pungufu. Mtahini alisubiri yatulie kabisa.

"Umefaulu," alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha. "Lakini kwanza nusura uniue."

Jumatatu yake nilitumwa Nyansiongo. Njiani kina mama na wanafunzi waliniomba lifti kama kawaida ya barabara ile, nami sikumbeba hata mmoja, na nilipofika kwenye kituo cha maziwa niliwasihi wapakiaji wanijazie tangi hadi shingoni.