Tairi Nililopima Alfajiri

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi wa katambuga sokoni Arusha, vile viatu vya matairi ya magari, na nilijiona fundi kweli kweli. Nilipokwenda kuposa mlimani, juu ya Sekei, baba wa binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitengenezee katambuga. Jumapili nitakwenda nazo kwa miguu mpaka kanisani Makumira, mbali kule. Zikirudi nzima, tutaongea."

Jamani! Nusura niruke.

Sokoni sote tulipima mpira kwa ukucha wa dole gumba. Ukiwa laini mno, misumari ya mikanda inachomoka. Ukiwa mgumu mno, unapasuka. Lakini kwa mkwe nilitaka mambo ya kisasa. Nikamwendea fundi wa gereji, akaniazima kipimo chake. Kilikuwa kama saa ya mfukoni, chini kina kijisindano. Ukikigandamiza kwenye mpira, mshale unakuonyesha ugumu wake. Basi alfajiri moja ya Julai, baridi ya Meru inakata masikio, nikapima tairi lililolala nje. Mshale ukafika pale pale nilipotaka.

"Jaribu na ukucha, mchana," fundi mwenzangu akaniambia.

"Huo ukucha wako kamenyee ndizi," nikamjibu. Kiburi hicho! Nikalikata tairi, nikampelekea mzee katambuga zake.

Jumapili alasiri nilimsubiri mzee njiani. Nikamwona anakuja pekupeku, katambuga mkononi, mikanda inaning'inia. Jua lilikuwa limeulainisha mpira, misumari ikachomoka mmoja mmoja. Kipimo hakikudanganya, mimi ndiye niliyepima baridi nikadhani napima mpira. Moyo uliniuma, nikajua binti nimemkosa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imekuwaje?"

Nikamweleza yote, la kipimo na la baridi, bila kuficha kitu.

"Lete mkono," akasema.

Akakigeuza kiganja changu, akakita ukucha wa dole gumba penye sugu za kisu na nyundo. Akakandamiza. Akakandamiza tena, mpaka nikauma meno. Kisha akaangua kicheko, mzee wa watu, mpaka akashika tumbo.

"Huu mgumu," akasema. "Na jua lote hili! Binti yangu hatalala njaa. Viatu vyangu rudia."