Barua Ndani ya Hirizi

Nilikuwa macho, jua lilikuwa utosini, na homa sikuwa nayo. Nayatanguliza haya kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza hayo hayo matatu. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Rumonge, enzi ya Wadachi, wakati malale yalipokuwa yakimaliza watu kandokando ya ziwa.

Mama alitangulia, baba akafuata. Nikabaki na dada yangu Mwamvua na mdogo wetu wa kiume, mtoto wa miaka sita. Niliacha shule ya boma ili niwalishe kwa kukamua mawese. Kisha mdogo wetu naye akaanza kusinzia, hata tonge likiwa mdomoni.

Shingoni alikuwa na hirizi aliyovishwa na baba. Tulimwita Mwalimu Ramazani wa chuoni amtibu; alipoichana ngozi ya ile hirizi, tukaona karatasi iliyojaa alama: ndoana, misalaba, vijiduara.

"Talasimu nzito hii," akasema. "Baada ya alasiri nitaiosha, mtoto anywe kombe."

Kwetu ndivyo dawa hiyo inavyofanywa: wino unaoshwa kwa maji, mgonjwa anayanywa maneno. Lakini mimi niliujua mwandiko wa baba. Alikuwa akichukua barua za wafanyabiashara, na mara nyingi nilimwona akiandika alama kama zile ili wenye kuchungulia barua za watu wasiambulie kitu. Ile haikuwa talasimu. Ilikuwa barua, na ikishaoshwa ndiyo basi. Je, kama baba alikuwa ameandika dawa ya kumponya mtoto?

"Mwalimu, niachie mpaka alasiri niisome."

Jirani yetu Mama Mwajuma akacheka. "Wewe uliyeikimbia shule kabla wino haujakukauka vidoleni, leo utasoma yaliyomshinda mwalimu?"

"Mwache," Mwalimu akasema. "Ni mwandiko wa baba yake."

Wakaenda kuswali adhuhuri. Mwamvua alikuwa ndani akimpepea mgonjwa. Mimi nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka wa chikichi nilizokuwa nikizichambua, mikono myekundu kwa mafuta mpaka vifundoni. Nikaitazama ile karatasi hadi macho yakauma.

"Amahoro."

Sikumsikia akija huyo aliyenisalimu. Alikuwa mtu mzima, kanzu imemlowa mpaka kifuani kama aliyetoka ziwani kwa miguu. Nikadhani ni msafiri wa mtumbwi.

"Amahoro, mzee. Karibu."

"Hiyo haitazamwi, kijana," akasema akikaa. "Inahesabiwa."

Akachukua chikichi moja kwa kila alama. Ndoana akaipa lundo lake, msalaba lundo lake, mpaka karatasi nzima ikawa imelala juu ya mkeka kwa malundo. Lundo la ndoana liliyapita yote: chikichi kumi na moja.

"Taja vitu vya hapa kwenu," akaniambia.

"Samaki. Dagaa. Ziwa. Baba."

"Unasikia mdomo unavyofunguka? Herufi gani inarudi kuliko zote?"

Nikasikia. Ilikuwa A; basi ndoana ndiyo A. Niamini, mwili ulinisisimka kwa furaha. Miaka yangu michache ya shule sikupata kufundishwa hivyo. Lundo la pili lilikuwa na chikichi tano, akaniambia nijaribu kuliita U. Kisha akaonyesha neno la mwisho: alama tano, ya pili na ya tatu zikijirudia mwishoni.

"Mtoto!" nikapiga kelele.

"Umejua kusoma. Na mtoto mwenyewe anaitwa nani? Pengine jina lake limo humu. Nitajie tulitafute, litatufungulia herufi nyingi."

Si maneno ya haki hayo? Nikamtajia.

Akalirudia jina polepole, mara mbili. Hakulitafuta kwenye karatasi. Akainuka, akashika njia ya ziwani kati ya michikichi, na hapo ndipo nilipoona vidole vyake. Alishika chikichi zote zile, na vidole vilikuwa vikavu, vyeupe, bila tone la mafuta.

Nikarudi kwenye malundo. Kwa A, U na herufi za "mtoto" nikakisia "la", nikakisia "jina", na nyingine zikafuata. Ilisema hivi:

Mwanangu, atakayekufundisha kusoma haya usimpe jina la mtoto.

Nilisoma mara ngapi? Sijui. Mpaka leo jambo hili linanizungusha. Baba alitaka kunionya, lakini onyo akalifunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao yule yule wa kuogopwa. Au alijua karatasi ile haitasomwa kamwe mtu yule asipokuja? Na baba mwenyewe, zile alama alifundishwa na nani, na alitoa jina la nani?

Mwamvua akatoka mbio. "Kaka! Ameamka! Anataka kula!"

Kweli, mdogo wetu alikuwa amekaa kitandani, macho maangavu. Nikamwita kwa jina lake. Hakugeuka. Nikamwita tena. Kutoka kwenye michikichi nyuma ya nyumba, sauti ya mtoto ikaitika: "Labeka!"

Mwalimu alikuja alasiri, naye akaisikia sauti ile. Hakuiosha karatasi. Aliichoma.

Mdogo wetu alikua, ana nguvu, anavua samaki mpaka Kigwena. Malale hayakumrudia. Mimi na Mwamvua tunamwita "mdogo wetu" tu, na mkewe anamwita "baba watoto". Siku jirani wa zamani anapoteleza na kulitaja jina lake, yeye hasikii, ila sauti ile ya mtoto inaitika, na kila mara iko karibu zaidi na mlango.

Basi wewe unayesoma, akija mtu kukufundisha jambo hujamwomba, mshukuru, mpe maji, lakini jina la mdogo wako libaki kinywani mwako. Utaona hapa sikuliandika. Mwamvua aliniambia niliandike kwa alama za baba, lisije likapotea tutakapokufa. Nikakataa. Alama zinahesabika.